Maisha ya Manute Bol, mtu mrefu wa Turalei



Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne walituomba tuandike juu ya mchezaji wa basiketi. Karibu wote walitaja Dikembe Mutombo. Ni haki yao, juu Mutombo ni mtoto wa Kinshasa, alisoma Boboto, na alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 hata wazee wenye hawajagusa mpira walisikitika. Hospitali yenye alijenga Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, kila mtu anaijua. Lakini sisi tulichagua mwingine, aliyemtangulia. Mutombo aliingia katika ligi kubwa ya Marekani, ile NBA, mwaka 1991. Kabla yake walikuwa wameingia Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwaka 1984, na mwaka uliofuata mtu mmoja wa upande wetu huu wa Afrika, mchungaji wa ngombe wa Sudani ya Kusini, jirani yetu wa kaskazini ukipita Ituri na Haut-Uélé. Jina lake Manute Bol. Alikufa mwaka 2010, wakati wengi wetu hapa masomoni hatujazaliwa ao tulikuwa tunabebwa mgongoni. Ndiyo maana tumeona ni vema tuwasimulie.

Manute alizaliwa Turalei, katika inchi ya Wadinka. Karatasi zake zinaonyesha tarehe 16 Oktoba 1962, lakini ile ni tarehe ya karatasi. Kijijini hakuna mtu aliyeandika siku ya mtoto kuzaliwa. Wadinka ni watu warefu, na jamaa yake ilipita wote: baba na mama wote wawili walipita mita mbili. Yeye alifika mita 2.31. Tupime kwa akili: mlango wa kawaida wa darasa ni kama mita mbili. Manute angeingia humu akiinama kama mtu anayeokota kalamu.

Kazi ya kijana wa Kidinka ni ngombe. Ngombe ndiyo mali, ndiyo mahari, ndiyo heshima ya mtu. Manute alichunga kama wengine, na baadaye Wamarekani walipenda sana kumwuliza habari ya simba. Alisimulia kwamba aliua simba mmoja kwa mkuki, simba mwenye alikuwa anakula ngombe, na hakuficha kwamba yule simba alikuwa amelala. Sisi tunapenda kwamba hakuficha. Mwingine angeongeza meno na mngurumo.

Kwanza alicheza mupira wa miguu, lakini urefu ukamzuia. Akiwa kijana, ndugu wa jamaa alimwambia ajaribu basiketi, akaanza katika muji wa Wau. Siku ya kwanza ya kuruka na kuutumbukiza mpira kikapuni, alishuka vibaya, meno yakanaswa katika wavu, mengine yakang'oka palepale. Mtu mwingine angerudi kwa ngombe. Yeye akaendelea mpaka Khartoum, muji mkuu, akacheza kule. Khartoum haikuwa fasi raisi kwa mtu mweusi wa kusini. Walimcheka kwa ngozi, kwa lugha na kwa urefu.

Basi, mwalimu mmoja wa basiketi wa Marekani, Don Feeley, alifika Sudani kufundisha wachezaji, akamwona. Mtu wa mita 2.31! Akafanya mipango, na mwaka 1983 Manute akafika Marekani. Wanasimulia kwamba pasiporti yake iliandika urefu wa mita 1.57 tu, juu walimpima akiwa ameketi. Hatuna haja ya kucheka sana Wasudani. Kila mtu wa Goma aliyepanga foleni mbele ya ofisi anajua karatasi inaweza kusema nini juu ya mtu.

Ekipe ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka ule ule 1983, lakini ligi ikafuta ule uchaguzi, juu hakuandikishwa kwa wakati wake. Wakampeleka Cleveland asome Kiingereza, maana chuo kikuu hakingempokea bila kujua kusoma lugha yao. Hapa tunaomba wadogo zetu wasimame kidogo. Mtu wa miaka ishirini na zaidi, mwenye urefu wa kutazamwa na kila mpita njia, anaketi kwenye kiti kidogo kujifunza herufi. Hakuna kikapu pale, hakuna makofi. Kisha akaingia chuo kikuu cha Bridgeport, katika jimbo la Connecticut, masomo madogo yenye hayakujulikana sana kwa basiketi. Msimu wa 1984 mpaka 1985 alifunga wastani wa pointi 22.5 kwa mechi, akakamata mipira 13.5 yenye ilirudi kwenye ubao, na kuzuia mitupo 7.1. Jumba lao la mchezo likajaa watu kila mechi.

Mwaka 1985 ekipe ya Washington Bullets ikamchagua, namba 31. Ndiyo mwanzo wa kazi yake katika NBA.

Tueleze kidogo kuzuia, ile tunaita kontre. Kikapu kiko juu mita 3.05. Manute, akinyoosha mikono yote miwili kando, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ilikuwa kama mita 2.59. Angeweza kugusa chuma cha kikapu bila kuruka. Wengi wetu kwenye kiwanja chetu cha mawe meusi ya Nyiragongo tunaruka mpaka mapafu yanauma na hatugusi hata wavu. Sasa mfikiri mshambuliaji anakuja mbio, anapita mlinzi wa kwanza, anapita wa pili, na mbele ya kikapu anakuta ule mkono. Sheria haikubali kuugusa mpira ukiwa umeanza kushuka kuelekea kikapuni, basi mzuiaji lazima awahi. Manute aliwahi. Msimu wake wa kwanza, 1985 mpaka 1986, alizuia mitupo 397. Hakuna mwanafunzi mpya wa ligi ile aliyepata hesabu kubwa kama hiyo. Katika historia yote ya ligi ni mtu mmoja tu aliyempita kwa msimu mmoja, Mark Eaton wa Utah, mwenye alizuia 456 katika msimu wa 1984 mpaka 1985. Mara mbili Manute alizuia 15 katika mechi moja. Na kuna kazi yenye haiandikwi katika hesabu: wale wenye walimwona wakageuza njia, wakatupa kutoka mbali, wakakosa.

Lakini alikuwa na uzaifu wake, na hatutauficha. Alikuwa mwembamba sana, karibu kilo 90 kwa urefu ule wote. Watu wanene walimsukuma kama mlango usio na kufuli. Mipira ya kufunga hakuijua sana. Kwa hiyo kulikuwa na mechi yenye alizuia mitupo mingi na kufunga pointi mbili ao hata moja haikuingia.

Na watu walicheka. Wengi walilipa tikiti wakaje kumwona kama mtu anavyoenda kuona mnyama katika hifadhi. Msimu wa 1987 mpaka 1988 Bullets walimleta mchezaji mwingine, Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1.60, mfupi kuliko wote waliopata kucheza katika ligi ile. Wakawasimamisha wawili hao pamoja mbele ya kamera, sentimita 71 kati yao, na ile picha ikazunguka dunia nzima. Hata leo ukimtaja Manute, mtu anakumbuka picha ile kabla ya zile kontre 397. Yeye mwenyewe alicheka nao, juu alikuwa mtu wa masihara mengi, na wenzake wa ekipe walimpenda kwa ajili ya hiyo. Lakini tuseme wazi: kuna kijana mmoja mrefu katika mwaka wa pili hapa kwetu mwenye wanamwita Twiga kila asubuhi kwenye foleni. Akicheka, si lazima kwamba anafurahi. Tunawaomba wakome.

Mwaka 1988 akahamia Golden State Warriors kule California. Mwalimu wao Don Nelson alimpa ruhusa ya kutupa kutoka mbali, ile mitupo ya pointi tatu. Watu walifikiri ni mzaha. Msimu ule alitupa 91, akafunga 20, na kila moja ikaamsha jumba lote. Wakati ule ule alizuia 345, akawa wa kwanza katika ligi nzima. Kisha alicheza Philadelphia kuanzia 1990. Ile siku yenye wanapenda kuisimulia ni tarehe 3 Marchi 1993, juu ya Phoenix Suns: katika nusu ya pili tu, alifunga mitupo sita ya pointi tatu, pointi 18. Baadaye alipita Miami na ekipe zake za zamani, lakini magoti na mikono vilikuwa vimeanza kuvimba kwa ugonjwa wa viungo, na kufika 1995 kazi katika ligi ile ilikuwa imekwisha. Hesabu yake ya mwisho ni mechi 624, mitupo iliyozuiwa 2,086, pointi 1,599. Yaani alizuia kuliko alivyofunga. Alipoacha ligi, hakukuwa mwingine mwenye hesabu ya namna hiyo.

Kama maisha yake yangekuwa ni hayo tu, tungeandika nusu ukurasa, na karatasi zetu si nyingi. Lakini wakati ule wote kwao kulikuwa vita.

Vita vya Sudani vilianza tena mwaka 1983, mwaka ule Manute alipotoka. Serikali ya Khartoum ilivunja mapatano ya 1972 yenye yaliwapa watu wa kusini kujitawala kidogo, ikaweka sheria ya dini ya Kiislamu juu ya wote, na chini ya udongo wa kusini kulikuwa petroli. John Garang akaongoza jeshi la SPLA porini. Vita vilidumu mpaka Januari 2005 na vikaua watu karibu milioni mbili, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Upande wa Turalei, wapanda farasi wa kaskazini walikuja kuchoma vijiji, kuiba ngombe na kubeba watoto. Manute alihesabu watu wa jamaa yake karibu 250 waliokufa.

Yeye alikuwa Marekani na mshahara. Alifanya nini? Alitoa. Wanahesabu dola milioni 3.5, zaidi ya nusu ya mali aliyoipata kwa basiketi. Alitembelea wakimbizi katika kambi, alikwenda kwa wakubwa wa Washington kuwaelezea habari za vita wakati wengi wao hawakujua Wadinka ni nani, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa Wasudani wote waliofika. Kule Misri, ambako wakimbizi wengi wa kusini walikimbilia, alikutana na watoto wa jamaa ya Deng, akawafundisha basiketi. Mmoja wao, mdogo wa siku zile, aliitwa Luol. Mshike jina hilo.

Sasa tunafika fasi ngumu. Sehemu ya zile pesa ilikwenda kwa chakula na dawa, na sehemu ilikwenda kwa SPLA, kwa vita. Na lile jeshi liliingiza watoto, vijana wadogo kuliko wanafunzi wa mwaka wetu wa kwanza, likawapa bunduki. Hiyo imeandikwa na wengi na haikanushwi. Tulibishana juu ya neno hili jioni tatu nzima. Wamoja kati yetu walisema mtu mwenye kijiji chake kinachomwa hawezi kulaumiwa akisaidia wenye kukilinda. Wengine walisema kwamba sisi wa Kivu tumeona mengi ya bunduki mkononi mwa mtoto, na kwamba kila kikundi huanza kwa kusema kinalinda mtu. Mwishoe tulikubaliana kuandika hivi: kutoa kwake kulikuwa kwa moyo safi, na ile sehemu ya bunduki hatuisifu. Mwenye kutaka kutubishia atuandikie, tutachapa barua yake.

Yeye mwenyewe alibadili njia. Mwaka 1997 serikali ilifanya mapatano na baadhi ya viongozi wa kusini, na Manute akarudi kukaa Khartoum, akiamini amani imefika. Wakampa tumaini la kuwa mkubwa wa mambo ya michezo na utamaduni, lakini kwa sharti moja, kwamba ageuke Mwislamu. Alikuwa Mkristo. Akakataa. Na kwa kukataa kule hakupata kazi, hakupata mshahara, na hakupata ruhusa ya kutoka inchini. Serikali ilimshuku kwamba ni mtu wa waasi. Watu wengine wa kusini walimshuku kwamba amekula na serikali. Aliyekuwa na mamilioni alikaa Khartoum bila franka, viungo vinamwuma, anategemea marafiki. Mwana wake Bol Bol, mwenye baadaye aliingia NBA mwaka 2019 kama baba yake, alizaliwa kule Khartoum mwaka 1999, katika siku zile za taabu. Mwisho, watu wa Connecticut walichanga pesa ya tikiti za ndege, akavuka mpaka Cairo na jamaa yake, akangoja kule miezi sita, na mwaka 2002 Marekani ikampokea kama mkimbizi. Hebu mfikiri: Marekani ilikuwa imemjua kwa miaka kumi katika televisheni, na alirudi kwa mlango wa wakimbizi.

Yenye ilifuata wengine wanaiita aibu. Mwaka 2002 alipigana ngumi mbele ya televisheni na William Perry, mtu mnene sana wa futiboli ya Kimarekani, akamshinda. Mwaka ule ule ekipe moja ya hoki ya Indianapolis ilimpa mkataba wa siku moja, na hakujua kuteleza juu ya barafu hata kidogo. Akavaa tena nguo za mpanda farasi wa mashindano. Watu wakacheka kama zamani. Lakini pesa za ngumi zile zilikwenda kwa watoto wa Sudani, na yeye alijua vizuri wanalipa kwa nini. Tofauti na siku za ile picha ya Bogues ni kwamba safari hii yeye ndiye alipanga bei ya kicheko. Sisi hatuoni aibu pale.

Mwaka 2004 taksi yenye alipanda ilianguka huko Connecticut, dereva alikuwa amelewa. Manute akavunjika shingo, akapona polepole, akakaa baadaye Kansas, na tangu hapo alitembea kwa shida.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa masomo. Pamoja na shirika la Sudan Sunrise alianza kujenga masomo Turalei, na mpango wake ulikuwa kufikisha masomo 41 katika inchi ya kusini. Sharti lake lilikuwa watoto wa Kikristo na wa Kiislamu waketi pamoja, na katika ujenzi ule Waislamu wa Darfur walikuja kufanya kazi bega kwa bega na Wadinka. Mtu huyu, mwenye jamaa yake ilichomwa kwa jina la dini, alitaka matofali yashikwe na mikono ya pande zote mbili. Hapa hatukubishana.

Mwaka 2010 alikuwa kwao kwa kazi ya masomo, na kulikuwa uchaguzi wa mwezi wa Aprili. Wakubwa wa kusini walimwomba akawie, aonekane, watu wapige kura bila fujo. Alikuwa mgonjwa wa figo, akakawia. Dawa aliyopewa ilimletea ugonjwa wa hatari wenye waganga wanaita Stevens-Johnson: ngozi inabanduka na kinywa kinajaa vidonda, hata kula haiwezekani. Walimfikisha Marekani, katika hospitali ya Charlottesville, jimbo la Virginia. Alikufa kule tarehe 19 Juni 2010, na miaka yake ya karatasi ilikuwa 47. Wakamwombea katika kanisa kuu la Washington, kisha wakamrudisha Turalei, akazikwa kwao.

Mwezi wa Januari 2011 watu wa kusini walipiga kura ya kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 Sudani ya Kusini ikawa inchi. Vita vilirudi tena mwaka 2013, safari hii wao kwa wao, na wakimbizi wao wengi wakavuka mpaka kuingia hata katika Congo yetu, upande wa Aru na Faradje.

Yule mtoto Luol Deng naye alicheza NBA miaka mingi, kisha akaongoza shirikisho la basiketi la inchi yake mpya. Ekipe yao, wengi wao watoto wa wakimbizi, ilifika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tarehe 28 Julai, kabla ya mechi yao ya kwanza na Puerto Rico, waliokuwa na kazi ya muziki walikosea wakapiga wimbo wa taifa wa Sudani, ile ya Khartoum. Wachezaji walisimama pale kati ya kiwanja, mkono juu ya kifua, watu wakapiga kelele, muziki ukakatwa. Wakangoja dakika chache mpaka wimbo wao wenyewe ukapatikana. Kisha wakacheza, wakashinda 90 kwa 79.